Jiwe la kintoreiti aliloniachia marehemu baba: lilitokeaje, na linafaa kukatwa?

BintiNgarenaro (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba alikuwa dalali wa mawe hapa Arusha miaka mingi. Wiki iliyopita nilifungua kopo lake la maziwa ya unga, na chini ya vipande vya rafu (mawe ghafi yasiyokatwa) visivyo na soko nikakuta jiwe limeviringishwa kwenye gazeti. Mama analikumbuka. Mteja kutoka Australia alimpa baba, naye baba akampa garneti ya kijani ya Mererani, bado iko kwenye mwamba wake wa kinywe. Kijikaratasi kimeandikwa kwa mwandiko wa baba: kintoreiti, Broken Hill.

Lina ukubwa wa kiberiti. Mwamba wenyewe ni wa kahawia, una garneti ndogo ndogo, na upande mmoja umetandwa ganda la manjano ya kijani lenye mng'ao wa nta. Ukisogeza macho unaona ganda hilo ni vidonge vilivyobanana kama ulezi.

Mdogo wangu ana mashine ya kukata, anasema tutoe kabochoni, yaani jiwe la pete lililoviringwa na kung'arishwa. Mimi moyo unasita. Ni madini gani haya, na yalitokeaje? Mnieleze taratibu, kazi yangu ni kuchambua tanzanaiti, miamba siijui.

FundiJiwe_Moshi

Dada, pole kwa msiba, na mwambie mdogo wako azime mashine. Hilo lina risasi, metali yenye sumu, karibu theluthi ya uzito wa madini yenyewe. Ukilisaga, vumbi linaingia kifuani, na hata ukikata kwa maji tope linabaki kwenye beseni, kwenye nguo, mpaka kwa watoto nyumbani. Tena ugumu wake ni kama 4 tu. Kisu cha chuma kinalikwaruza, pete itadumu vipi?

MwalimuWaMiamba

Fundi kasema kweli. Naongeza lilikotoka, maana hapo ndipo penye utamu.

Broken Hill iko New South Wales, Australia. Mashapo yake ya risasi, zinki na fedha yaligunduliwa mwaka 1883. Chini kabisa risasi imeshikana na salfa, ndiyo galena. Kule juu, maji ya mvua yenye oksijeni yalipenya kwenye nyufa kwa muda mrefu mno, yakaozesha galena na madini mengine ya salfa. Kuoza huko kunazaa asidi. Asidi ikafungua chuma kilichokuwa kwenye mwamba, na ikayeyusha apataiti. Apataiti ni jamii ileile ya fosfeti ya Minjingu tunayosaga kuwa mbolea. Basi risasi, chuma na fosfeti vikakutana ndani ya maji baridi, karibu na uso wa ardhi, vikaganda kwenye kuta za nyufa. Hakukuhitajika moto wala mgandamizo mkubwa kama uliozaa tanzanaiti yako.

Ndani ya kintoreiti, kila chembe moja ya risasi inakwenda na chembe tatu za chuma na fosfeti mbili, pamoja na maji kidogo yaliyofungwa ndani. Kitu kinachonishangaza hadi leo ni kwamba aseniki, nayo ni sumu, inaweza kukaa pale pa fosfeti. Ikizidi, madini hubadilika jina na kuwa segnitaiti, nayo ilipatikana hukohuko. Fuwele moja inaweza kuwa na vyote viwili. Ndiyo sababu nyingine ya kutolisaga.

Kintoreiti ilitangazwa rasmi mwaka 1995, ikapewa jina la shimo la wazi la Kintore. Wengi huichanganya na piromofaiti, fosfeti ya risasi isiyo na chuma. Chukua lupu, kile kioo cha kukuzia: piromofaiti hujitokeza kama vipipa vyenye pande sita. Kintoreiti ikipata nafasi hufanya vijisanduku vilivyoinamia upande.

Broka_Sakina

Gramu unauzaje?

BintiNgarenaro (Arusha)

Kaka, siuzi.

Mwalimu, shikamoo. Nimelitazama sasa hivi kwa lupu ya baba, tochi nimeilaza pembeni. Katikati vidonge vimejaa, havina pembe. Lakini kwenye kishimo kimoja pembezoni, padogo kuliko kichwa cha kiberiti, kuna fuwele nne zimesimama peke yake. Si vipipa. Ni visanduku vilivyoinama, na kimoja kimepitisha mwanga, njano kama mafuta ya alizeti. Niliita mama aone.

MwalimuWaMiamba

Marahaba mwanangu. Hapo maji yalipata uwazi, fuwele zikakua bila kubanwa. Usiliguse kwa brashi wala asidi. Liweke kwenye kisanduku chenye mfuniko, mbali na watoto, na unawe mikono kila ukilishika. Na hicho kijikaratasi usikitupe, bila jina la mahali mkusanyaji atashindwa kuliamini.

BintiNgarenaro (Arusha)

Kilikuwa kimechanika katikati. Nimekibandika kwenye mfuniko, kwa ndani.