Gumzo la Majirani Kirumba, Mwanza: Watoto na Kibanda cha Gemu

Mama Kulwa: Majirani habari za jioni. Leo saa nne asubuhi nimemtoa mwanangu Doto kwenye kibanda cha gemu kule chini. Saa nne, siku ya shule! Shati la sare kaligeuza ndani nje ili nembo isionekane, na wenzake pale kwenye benchi wamegeuza vilevile. Kilichoniuma zaidi ni gemu yenyewe. Jamaa kwenye tivii anamkimbiza mpita njia, anampiga na gongo mpaka anaanguka, halafu anaokota hela zake. Doto kashika pedi, wenzake wanamwambia mmalizie, mmalizie.

Baba Sayi: Pole sana mama. Mimi nimeshasema siku nyingi, serikali ipige marufuku gemu za kuua. Filamu zina sheria tangu 1976, Bodi ya Filamu inazikagua na kuzipangia umri. Gemu nani anazikagua?

Mzee Balozi: Poleni wanangu. Ila kulea ni kazi ya mzazi, tusiitwishe serikali. Mtoto akitoka nyumbani mzazi ajue anakwenda wapi.

Mama Kulwa: Shikamoo Mzee. Kwa heshima yote naomba unisikilize. Wiki za giza mitumbwi inarudi na dagaa alfajiri. Saa kumi usiku lazima niwe Mwaloni sokoni, nikichelewa nauziwa na mlanguzi kwa bei yake. Baba yao yuko Ukerewe kwenye uvuvi. Watoto wanaamshwa na dada yao, wanakunywa uji, wanatoka na mabegi. Mimi nikimaliza kununua natandaza, nikimaliza kutandaza nageuza. Leo nimepita pale kwa bahati tu, nimefuata gunia. Ukiniuliza Doto alikwenda wapi asubuhi, jibu ninalo: shule. Ila waliomwona akiingia kibandani ni watu waliokaa barazani. Nani alimwambia toka?

Mzee Balozi: Marahaba mwanangu. Nimekusikia.

Neema SAUT: Shikamooni wazazi wangu. Naomba nichangie maana haya mambo nayasoma darasani, chuoni SAUT. Baba Sayi, Marekani walijaribu njia yako. Jimbo la California lilitunga sheria 2005, duka likimuuzia mtoto gemu ya ukatili linapigwa faini mpaka dola 1,000. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na 2011 majaji 7 kwa 2 wakaitupa sheria, wakisema gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Kwao umri unapangwa na ESRB, chombo cha watengenezaji wenyewe kilichoanzishwa 1994 baada ya maseneta kuja juu kuhusu gemu ya mapigano ya Mortal Kombat. Uingereza ni tofauti. Tangu 2012 muuzaji akimpa mtoto gemu yenye alama ya 12, 16 au 18 na umri hajafikisha, ni kosa kisheria.

Baba Sayi: Si ndiyo hiyo! Tufanye kama Uingereza.

Neema SAUT: Baba, alama inakaa kwenye boksi, na sheria inamsubiri muuzaji dukani. Hapa mtaani boksi uliliona lini?

Kijana wa Gemu: Shikamooni. Nimesoma yote. Kwangu hakuna boksi hata moja, gemu zote ziko kwenye flashi, nachomeka tu kwenye mashine ya PS2. Aliyeninakilia ni fundi wa Makoroboi. Hakuna sehemu imeandikwa umri.

Baba Sayi: Kijana afadhali umejitokeza. Unapokeaje mtoto wa shule saa nne asubuhi?

Kijana wa Gemu: Baba yangu, nalipa pango, nanunua umeme. Nikimfukuza anapanda Mabatini, vibanda vipo. Simtetei mtu, ndivyo ilivyo.

Mama Kulwa: Aende Mabatini atakutana na mama wa Mabatini. Wewe una mlango mmoja, na mlango huo nakuomba uufunge kwa mtoto mwenye sare. Hata iliyogeuzwa, mishono ya shati inaonekana.

Mwl. Mkama: Jamani, tutenganishe mambo mawili. La kwanza, je, gemu inamfanya mtoto muuaji? Chama cha wanasaikolojia cha Marekani (APA) kilisema 2015 kwamba gemu za ukatili zinahusiana na ukali, yaani hasira, matusi, kusukumana. Mwaka 2020 kikarudia, kikaongeza kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha na ukatili mkubwa kama mauaji. Kwa hiyo Mama Kulwa, mwanao hatakuwa jambazi kwa ajili ya tivii ile, usilale na hofu hiyo. La pili ndilo linaloniumiza mimi kama mwalimu: vipindi vinavyopotea, na hela. Hela ya kucheza wanaitoa wapi?

Mama Kulwa: Hela ya maandazi, mwalimu. Doto kasema. Kwa hiyo anashinda na njaa pia.

Baba Sayi: Bado nasema sheria. Wachina 2021 waliamua mtoto acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, saa mbili mpaka saa tatu usiku. Limeisha.

Neema SAUT: Na Korea Kusini walizuia walio chini ya miaka 16 kucheza saa sita usiku mpaka saa 12 asubuhi, kuanzia 2011. Sheria iliandikwa kwa gemu za kompyuta, watoto wakahamia kwenye simu. 2021 serikali ikatangaza kuifuta.

Mwl. Mkama: Baba Sayi, kwetu kubeti chini ya miaka 18 ni marufuku kisheria. Nenda kaangalie dubwi, ile mashine ya kamari, pale karibu na duka la mkaa, nani anatumbukiza sarafu.

Baba Sayi: Hilo kweli linatia uchungu. Ila hayo ni kwa sababu hakuna anayekuja kukagua. Sheria bila mkaguzi nani aiogope? Mimi nitamwandikia diwani hata nikiwa peke yangu.

Neema SAUT: Andika baba, na uitaje Sheria ya Mtoto ya 2009. Inamtaka mzazi amlinde mtoto na hatari za kimwili na kimaadili, na kifungu kingine kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Kwa hiyo Mama Kulwa hakuachiwa peke yake. Mtendaji, mwenyekiti, manispaa, wote wamo.

Mzee Balozi: Hapo sasa nina pa kushika. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti. Siku za shule kibanda hakipokei mtoto kabla ya saa tisa alasiri. Kijana unasemaje?

Kijana wa Gemu: Naweza, Mzee. Asubuhi wateja wangu wengine ni bodaboda. Na niwaambie ukweli wa biashara: mpira ndio unalipa. Mechi moja ni dakika kumi, anayefungwa analipa. Hii ya gongo mtu mmoja anakaa nayo saa nzima kwa hela kidogo. Naiondoa kwenye mashine za mbele, ibaki ya nyuma kwa wakubwa. Ila nisaidieni umri wa kila moja, mimi nitabahatisha.

Neema SAUT: Nitumie majina. Zenye alama za umri za Ulaya, zile zile za Uingereza, nitazipata.

Kijana wa Gemu: GTA San Andreas, Mortal Kombat, God of War, na PES ya mpira. Nyingine nakuja nazo.

Neema SAUT: Tatu za kwanza 18. PES ni 3.

Baba Sayi: Na simu je? Sayi anacheza Free Fire kwenye simu yangu mpaka chaji inaisha.

Neema SAUT: Umri umeandikwa kule unakopakulia baba. Kwenye mipangilio ya Play Store kuna sehemu ya udhibiti wa wazazi, weka umri na namba ya siri. Namba usimwambie Sayi.

Mama Kulwa: Wabeja sana wote. Kijana, Jumamosi mchana Doto atakuja na hela niliyompa mimi, acheze PES. Siku nyingine ukimwona na begi, mpigie dada yake, mimi simu siisikii nikiwa Mwaloni. Namba nakutumia sasa hivi.