Bomba la tangi la samaki linakoroma usiku kucha

Swali: Habari zenu, ndugu wafugaji. Nina tangi la lita 300 sebuleni, hapa South B, Nairobi, ambalo maji yake hufurika na kushuka kwa bomba moja hadi kwenye tangi la chujio. Kila baada ya sekunde chache bomba hukoroma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, na mtoto mchanga hushtuka usingizini. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Kinachokoroma ni hewa inayovutwa pamoja na maji. Funga kiwiko kinachotazama chini kwenye mdomo wa bomba, kisha utoboe juu yake tundu la milimita 3, ukilipanua kidogo kidogo hadi sauti itulie, kwa kuwa likiwa dogo mno maji yatapanda na kunyonywa ghafla, kisha kelele itarudi.

Jibu: Angalia pia ncha ya chini ya bomba, ile inayoingia kwenye tangi la chujio. Isizame zaidi ya sentimita 2 hivi, la sivyo hewa hukosa pa kutokea.

Jibu: Koki ya kupunguza maji kwenye bomba hilo hunyamazisha vizuri zaidi, lakini nakusihi usiiweke bila bomba la pili la dharura, kwa kuwa konokono mmoja tu akiiziba, maji yataishia sakafuni.