Naomba ushauri: mama anapoteza kumbukumbu, majirani wananong'ona uchawi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 71, naishi naye Igoma hapa Mwanza. Ameuza dagaa mwaloni Kirumba zaidi ya miaka 30, hesabu zote kichwani, daftari hakuwahi kushika. Juzi nimemkuta jikoni na kopo lake la kupimia dagaa, analigeuzageuza, ananiuliza, "Hiki ni cha kazi gani?" Niliishiwa nguvu.

Wapo wanaosema ni uzee tu, wengine wanataja uchawi. Huku Usukumani neno hilo likimwangukia bibi kizee linaweza kumtoa roho. Usingizi sina.

Nimesoma ripoti ya wataalamu ya jarida la Lancet ya 2024: mambo 14 yanaongeza hatari ya ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu (dementia), yakiwemo presha, kisukari, upweke na kutosikia vizuri. Yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Mama ana presha, dawa anaruka siku, na lazima umpigie kelele ndipo asikie.

Zahanati walimpa vitamini tu. Aliyewahi kumpima mzazi kumbukumbu hospitali ya Bugando au Sekou Toure, mlianzia kliniki gani? Vifaa vya kusaidia kusikia vinapatikana wapi Mwanza, na kwa bei gani?

Halafu kuna hili. Akiuliza baba yuko wapi, na baba tulimzika 2016, mnajibuje? Jana nilimwambia kaenda ziwani. Alitulia, akamwekea chakula. Nafsi inanisuta mpaka sasa.