Naomba ushauri: masaji ipi inamfaa mama anayetumia warfarini?

Habari za leo ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Mama yangu ana miaka 63 na anauza maandazi. Kuanzia shingoni hadi mabegani misuli imekaza, jioni hawezi hata kujifunga kanga vizuri. Mwaka jana damu iliganda mguuni, na tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Hospitali walimpiga picha, mifupa iko salama. Tumejaribu parasetamoli, kukanda kwa maji ya moto na mazoezi ya kunyoosha shingo. Anapata nafuu usiku, asubuhi akikanda unga yanarudi yale yale.

Sasa dada zangu wanataka apelekwe kwenye masaji. Pale mjini wanafanya ya Kiswidi, ya kuteleza na kukanda kwa mafuta, ya Kithai ya kuvutwa viungo bila mafuta, na ile ya kina inayobonyeza misuli ya ndani. Ya kina nimeikataa, maana mtu wa warfarini huvilia damu kirahisi, na mguu ulioganda damu hauchuliwi. Jirani yetu naye huchua taratibu kwa mafuta ya nazi, mama anamwamini sana.

Naomba kujua:
Je, kuchuliwa kwa mkono mwepesi mabegani tu, mguu usiguswe, ni salama kwake? Tutamuuliza daktari pia, ila kliniki yake bado wiki mbili.
Na aliyeuguza mgonjwa wa namna hii, fiziotherapia ilimsaidia kuliko masaji?

Natanguliza shukrani.