Nyonga ya roboti imepasuka baada ya kupaka mistari, nimekosea wapi?

MgeniMezani
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hapa nimeishiwa pozi kabisa. Nimeunda MG yangu ya kwanza (Master Grade, zile roboti za plastiki za Gundam za kuunganisha mwenyewe), zile za kipimo cha 1/100, wiki 2 kila usiku nakata kipande kimoja kimoja mpaka ikasimama. Sasa nikaona za wenzangu ile mistari ya bodi inaonekana vizuri, nami nikachukua rangi nyeusi ya enameli, ile nyepesi kama maji, nikapaka karibu mwili mzima ikiwa imeungwa vilevile, baadae nikafuta na thina kwa pamba za masikio. Ilitoka safi sana. Asubuhi naikunja mguu nasikia ka! kumbe kile kikombe kinachoshika mpira wa nyonga kimepasuka, na bega la kulia nalo lina ufa kama unywele. Sijaiangusha jamani. Ni plastiki mbovu au? Halafu pale nilipokata kumebaki madoa meupe, kwenye bluu ndo aibu tupu, yanatokaje?

Msasa800
Pole mkuu, plastiki haina kosa, ni thina hiyo. Hivi vidude haviungwi kwa gundi, ni pini inaingia kwa nguvu kwenye tundu, kwa hiyo muda wote tundu limevutwa. Thina ikijipenyeza humo haikauki haraka, inakaa inakula pale palipovutwa mpaka panaachia. Plastiki aina ya ABS ndo inaumia zaidi. Hebu angalia zile fremu ulizokatia vipande, pembeni kuna herufi ndogo zimeandikwa PS, ABS au PE, utajua nyonga imetoka kwenye ipi.
Next time fungua vipande vyote, piga vanishi ya kung'aa kwanza, acha ikauke kabisa, ndo udondoshe tone kwenye kona ya mstari, litakimbia lenyewe, huna haja ya kupaka mwili mzima kama unapiga lipu. Na ukifuta, pamba iwe na unyevu tu isichuruzike.

KoleoMbili
Ama tumia kalamu ya mistari basi yaishe. Mimi kwenye ABS enameli siigusi.
Kwa huo ufa toa mpira kwanza!! niliwahi kumwaga supagluu mpira ukiwa ndani, mguu ukaganda umenyooka mpaka leo. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusisha kwenye ufa, funga na uzi, acha hadi kesho. Na kabla hujaunga tena, ncha za pini zikate mshazari, zitaingia bila kubana sana.
Madoa meupe ni kwa sababu umekata mara moja karibu na kipande. Kata mbali kwanza, kisha rudi ubakize kama milimita 1, hiyo iliyobaki imenye na kisu kidogokidogo, halafu msasa 400, 800, 1000. Yale yaliyopo tayari sugua na ukucha, hufifia, mengine utayaua na vanishi ya mati (isiyong'aa) mwishoni, ila usipulize siku yenye unyevu itakutoka nyeupe kama ukungu.

Msasa800
Sawa ila msasa 400 kwenye kipande ambacho hatakipaka rangi mi sikubali, mikwaruzo yake kuitoa ni kazi. Anzia 600. Na nyeusi kwenye nyeupe inafanya roboti iwe kama katuni, weka kijivu, kwenye nyekundu na njano weka kahawia.

KoleoMbili
Katuni ndo ilikotoka mzee 😂

MgeniMezani
Nimeangalia fremu, nyonga ni ABS kweli. Bega lakini ni PS, nalo limepasuka palepale pini inapoingia. Nimefungua yote sasa hivi, na mnajua nini, bega la kushoto ni zima kabisa, lile ambalo usiku ule nilichoka nikaliacha bila kupaka.