Nahama upigaji picha kwenda sauti mwaka wa pili, nipeni ushauri kabla ya Ijumaa

KijanaWaLenzi:
Wakuu habarini za jioni. Nasoma shahada ya filamu na televisheni, chuo kimoja hapa Dar. Mwaka wa kwanza tulichanganywa wote, uandishi, uigizaji, mwanga, uhariri. Mwaka wa pili unachagua mchepuo, mimi nikachagua upigaji picha. Sasa moyo umehamia kwenye sauti. Darasa la picha tumejaa mpaka kamera ya chuo unaishika dakika chache unapokonywa, la sauti wako wachache sana. Fomu za kubadili mwisho Ijumaa. Je, sauti ina maisha hapa Bongo? Matusi sitaki, sina usingizi.

SajentiKobe:
Nilisoma "kubadili mchepuko" nikaja mbio. Kumbe ni shule. Siti ya mbele nimeshakaa lakini, siondoki.

BabuWaTegeta:
Sisi tulisomea ualimu kwa sababu ndiyo barua iliyokuja. Hakuna aliyetuuliza moyo umehamia wapi. Na filamu mnaisomea shahada? Lufufu alikuwa anasimulia mikanda ya Kichina peke yake, mume yeye, mke yeye, jambazi yeye, na watu walikuwa hawabanduki.

DadaMhariri:
Mtoa mada, mimi nahariri tamthilia, ndiyo inanilisha. Picha yenye giza naweza kuivuta kidogo, rangi nikarekebisha. Sauti mbovu hainisaidii kitu. Mwigizaji analia msibani, nyuma jenereta linanguruma na bodaboda inapita, nimfanyeje? Kila kipande kina ngurumo yake, ukiviunganisha ni kama redio inayotafuta stesheni. Mtu wa sauti anayenyamazisha seti nusu dakika arekodi ukimya wa chumba kile ili mimi nizibie mapengo, huyo namwombea dua. Kazi ipo. Kulipwa ndiyo vita, maana maprodyuza wengi wanaona maiki anaweza kushika hata binamu yao. Ila nikuulize: una kamera yako? Mwenye kamera haachi picha kirahisi, Jumamosi moja ya harusi inamlipia kodi.

KijanaWaLenzi:
Asante sana dada. Suala la kamera si la muhimu. Vipi kuhusu Bodi ya Mikopo, nikihama hawatakata bumu, hela ya kujikimu?

NyukiMkali:
Bumu lipi, la Bodi au ile fimbo ya kushikilia maiki juu ya vichwa vya waigizaji? Mkopo unafuata programu uliyosajiliwa. Mchepuo ndani ya shahada ileile ni mambo ya idara yako. Ukihama programu nzima ndiyo unaingia kwenye taratibu za TCU, tume ya vyuo vikuu, na barua za Bodi. Kaulize ofisi ya mikopo hapo chuoni. Lakini swali la dada umeliruka kama dimbwi. Kamera?

WaRiverRoad:
Huku Nairobi, filamu za River Road mtu mmoja ndiye dairekta, kameramani na dereva. Mimi nilisomea uongozaji, leo narekodi harusi Thika na Machakos. Harusi yangu ya kwanza kushika sauti, maiki ya padre sikuiwasha. Wale watu wana watoto watatu sasa na hawajawahi kusikia viapo vyao. Boss, usihangaike na mchepuo. Walter Murch, yule Mmarekani, mwaka 1997 alitwaa Oscar mbili usiku mmoja kwa filamu ileile: ya uhariri, na ya sauti aliyogawana na wenzake.

KijanaWaLenzi:
Naona hamtaniacha. Kamera nimeshauza. Nimenunua rekoda, maiki ndefu na fimbo yake, na hedifoni za maana. Sikukurupuka, nilifikiria.

DadaMhariri:
Ilikuwa yako?

KijanaWaLenzi:
Ya kaka yangu. Aliinunua kwa hela ya kikoba cha shemeji, makubaliano nipige harusi tugawane. Mwisho wa mwezi kuna send-off ya binti yake mkubwa, na ameshautangazia ukoo mzima kwamba atakayepiga picha ni baba mdogo. Lakini jamani tuongee kibiashara. Kamera toleo jipya likitoka inashuka bei, maiki nzuri unakaa nayo miaka. Hesabu zangu ziko sawa. Na fomu nilishapeleka Jumatatu.

BabuWaTegeta:
Hela ya kikoba! Ya shemeji yako! Wewe huhitaji ushauri wa masomo, unahitaji kikao. Tafuta mjomba mwenye kauli, mwende naye mapema, mkae chini. Mchepuo utazungumzwa baadaye.

NyukiMkali:
Subirini kwanza. Mwanzo alitaka ushauri kabla ya Ijumaa, sasa fomu kapeleka Jumatatu. Hii chai. Kamera, kikoba, send-off, ukoo mzima, mgogoro umepangika mno. Huyu ni wa mchepuo wa miswada, mwalimu kawapa kazi, na sisi ndio tunamwandikia mazungumzo bure.

SajentiKobe:
Kama ni mswada, mimi niwe polisi na nisife mapema.

NyukiMkali:
Kama ni wa sauti kweli, ajibu bila kuchungulia Google. Kwa nini sauti ya video inarekodiwa kwa kilohezi 48 na siyo 44.1? Na ule ubao wa klapa ni wa nini?

KijanaWaLenzi:
44.1 ni ya CD za muziki. Video ni sampuli 48,000 kwa sekunde, na zinagawanyika bila masalia: picha 24 kwa sekunde kila moja inapata 2,000, picha 25 inapata 1,920. Jaribu 44,100 kwa 24 uone nusu inavyobaki. Klapa inaonekana ikigonga na inasikika ikigonga, mhariri anaoanisha hapo. Na fomu inaweza kuondolewa mpaka Ijumaa, ndiyo maana nikauliza. Sijadanganya.

DadaMhariri:
Yuko sahihi, ingawa mwandishi wa miswada naye angeuliza kwanza. Chai au siyo chai, fomu iache ilipo. Kaka yako ajue wiki hii. Kodi kamera, mchukue mwenzako wa darasa la picha, wewe rekodi hotuba za wazazi. Send-off zote ninazohariri, spika za MC zimemeza hotuba. Hapo ndipo kaka ataona ulichonunua kina kazi gani.

KijanaWaLenzi:
Hatakubali kumwona mtu mwingine na kamera. Nilikuwa nafikiria nimwambie yetu iko kwa fundi.

BabuWaTegeta:
Wee!

NyukiMkali:
Mnaona? Anaongeza matukio.

WaRiverRoad:
Fundi ni episodi ya pili. Ya tatu fundi anahama mji.

SajentiKobe:
Mkuu, kaka akikubana, hiyo rekoda na maiki yake mimi ninayo laki mbili.

KijanaWaLenzi:
Siuzi. Na laki mbili hata hedifoni hupati.

SajentiKobe:
Laki mbili na ishirini, fimbo ubaki nayo.