Kaka kapandikizwa ini Delhi, sasa kongosho limevimba

MamaZuhura: Habari wakuu. Mimi ndiye niliyemtolea kaka kipande cha ini. Juzi walimwingiza kamera kupitia mdomoni kuzibua mrija wa nyongo uliobana pale ulipounganishwa. Usiku uleule tumbo la juu likamshika, maumivu yanapenya hadi mgongoni, anatapika. Je, mwili unalikataa ini langu?

Muuguzi_Tanga: Pole sana dada. Hapana, kongosho kuvimba si kukataa ini. Mrija wa nyongo na wa kongosho kwa kawaida hufungukia tundu moja, ndiyo maana kamera ile huweza kulichokoza kongosho. Wanathibitisha uvimbe huo kwa mawili kati ya matatu: maumivu hayo, lipasi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu) kupanda mara 3 au zaidi ya kikomo cha kawaida, na picha. Wengi hupona kwa maji ya mishipani na dawa za maumivu. Homa ikipanda au akikosa pumzi, msisubiri.

Babu K: Vidonge vya kuzuia mwili usilikatae ini anavitapika? Waambieni leo, wapime kiwango cha dawa kwenye damu. Ulizeni pia kama anatumia azathioprini, dawa nyingine ya aina hiyo, nayo huweza kuvimbisha kongosho.

MamaZuhura: Takrolimusi, dawa yake hiyo ya kulinda ini, ya asubuhi kaitapika yote! Namfuata daktari sasa hivi.